Kamba Sili, Msininunie

Pwani hii ukikataa chakula cha mtu ni kama umemkataa mwenyewe. Hakuna anayekwambia hivo wazi, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye sinia la watu wanne analijua hilo. Umeshakaribishwa, "bismillah, karibu," na wewe ukisema "mimi hii sili", uso wa mwenyeji unabadilika hapo hapo. Sasa fikiria unaishi Buxton, Old Town si mbali, na kitu unachokikataa ni kamba. Kamba! Kitu ambacho wengine wanasubiri mwisho wa mwezi ndo wakinunue.

Mi nina mzio wa kamba. Tangu utotoni nikimla midomo inafura, mwili unatoka mabaka yanayowasha, na mara mbili pumzi imebana mpaka nikakimbizwa hospitali. Tafsiri zilikuwa nyingi. Jirani mmoja alisema ni zongo, eti kuna mtu alinitazama nikila. Shangazi yeye alikuwa na ushauri wake: "Mwanangu, jizoeshe kidogo kidogo. Mmoja tu hakuui." Nampenda shangazi, lakini hapo amenoa. Kuna madaktari wanaomzoesha mgonjwa chakula kilichomdhuru, ila wanafanya hivo kwa vipimo vidogo mno, dawa zikiwa karibu. Jikoni kwa shangazi kuna mwiko na mapenzi tu.

Kinachotokea ni hiki. Kinga ya mwili inaiona protini fulani ya kamba, inadhani ni adui, inamwaga kemikali, histamini ikiwemo, na hizo ndo zinazofurisha na kuwasha. Kipande kidogo tu kinaweza kutosha. Protini yenyewe inaitwa tropomayosini, na moto hauimalizi: chemsha, kaanga, tia nazi, bado ipo. Kaa na kamba mkubwa wanayo pia. Hata mende wanayo inayofanana nayo, wallahi, na wale wadudu wadogo wa vumbi la godoro. Lakini protini inayowasumbua wenye mzio wa samaki ni nyingine kabisa, ndo maana mi changu na tafi nala bila wasiwasi. Hapo sasa ndo watu wananiona mwongo. "Samaki wala, kamba huli? Wajidai tu."

Kamba anayeonekana hanitishi. Nikimwona kwenye pilau nasogea. Kinachonitia hofu ni mafuta. Karai moja asubuhi limekaanga kamba, jioni linakaanga viazi karai, na mi nimesimama pale na shilingi zangu nauliza, "Mama, mafuta haya yamepikiwa nini?" Mara ya kwanza yule mama alinijibu, "Kwani wewe afisa wa afya?" Foleni nzima ikacheka. Nikamweleza pale pale, mbele ya watu, koo linavyobana. Siku hizi akiniona nakuja anapunga mwiko kwa mbali: leo usije, nimekaanga kamba. Biskuti za dukani angalau pakiti inaandikwa kilichomo. Viazi karai pakiti yake ni mdomo wa muuzaji.

Na hata pakiti yaweza kunyamaza. Mwaka 2016 msichana Mwingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate uliotiwa vitu ndani kwenye uwanja wa ndege London. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga, hauonekani, na karatasi haikuutaja. Akafa siku ile ile. Wazazi wake wakapigania sheria, na tangu Oktoba 2021 Uingereza chakula kinachofungwa hapo hapo dukani kabla ya kuuzwa lazima kitajwe vyote vilivyomo. Ufuta ndo hii simsim yetu ya kashata. Nani hapa kwetu ashawahi kuuliza mgeni kama simsim inamdhuru?

Jambo lingine, na hili msipite haraka: Piriton. Kila nyumba inaamini Piriton. Sawa, inapunguza mwasho. Lakini mtu akianza kukoroma pumzi, sauti ikakwaruza, akatapika, akazubaa kama anataka kuzimia, hiyo ni anafilaksisi, na Piriton haitamfungua koo. Anahitaji sindano ya adrenalini, inachomwa pajani upande wa nje, na dakika zinahesabika. Ile ya kujidunga mwenyewe hutaipata kwa kila famasi, kwa hivo usikae kusubiri tembe ifanye kazi, wala usimpe maziwa, wala usiite mtu wa kutoa zongo kwanza. Mlaze, miguu juu, au kama pumzi ndo tatizo mwache akae, asitembee, na mwite tuktuk. Sisi wa Buxton Coast General iko karibu. Na akipata nafuu wasimrudishe nyumbani mara moja, manake inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mwezi ujao binamu yangu anaoa. Nishampigia mamake: mi nataka sahani yangu peke yangu, ipakuliwe mwanzo kabla kijiko cha kamba hakijaingia kwenye wali. Akanyamaza kidogo. Nikajua ananuna. Halafu akauliza, "Na halua je?"

Halua mama, niwekee kilo nzima.