Istilahi za Ukaguzi wa Viwanda katika Kinywa cha Mfanyakazi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii imetajwa darasani mara nyingi hata makali yake yakafifia. Mhitimu mmoja wa Kiswahili wa chuo kikuu cha humu nchini alikuja kuielewa upya siku alipoajiriwa kwa siku tatu kuwa mkalimani wa wakaguzi waliotumwa na wanunuzi wa ng'ambo katika kiwanda kimoja cha mavazi, katika eneo la EPZ nje ya Nairobi. Binti huyo alikuwa amesoma nadharia za tafsiri na ukalimani na kuzifaulu vyema. Alifika akiwa na daftari, kalamu mbili na orodha ya istilahi ishirini hivi alizokesha akizitafutia visawe. Kufikia jioni ya siku ya kwanza, nusu ya visawe hivyo vilikuwa vimemwangusha.

Yafaa kwanza kueleza ukaguzi wenyewe. Sheria iliyoanzisha maeneo ya EPZ nchini Kenya ni ya mwaka 1990. Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, viwanda vya kushona nguo za kuuzwa huko viliongezeka kwa kasi. Ajira zilipatikana, lakini malalamiko nayo yakaandamana nazo. Januari 2003 wafanyakazi wa maeneo hayo walifanya migomo mikubwa. Wanunuzi wa ng'ambo, kwa kuchelea majina yao kuchafuka, huwataka wenye viwanda wafuate kanuni maalumu za maadili, kisha hutuma wakaguzi kuthibitisha. Wakaguzi huzunguka kiwandani, hupekua daftari za mishahara na za saa za kazi, na hatimaye huwahoji wafanyakazi faraghani. Hatua hii ya mwisho ndiyo moyo wa shughuli yote, kwani daftari huweza kuandikwa mara mbili, moja ya mwenye kiwanda na nyingine ya mgeni. Hapo ndipo lugha inapobebeshwa mzigo mzito.

Istilahi ya kwanza kumsaliti mkalimani ilikuwa jina la shughuli yenyewe. Katika orodha yake alikuwa ameandika "ukaguzi wa utiifu wa kijamii", na kikamusi hakukosea. Alipomweleza kijana wa kwanza kuhojiwa kwamba wageni wamekuja kukagua utiifu, kijana aliketi wima na kusema, "Mimi ni mtiifu sana, madam. Tangu niingie hapa sijawahi kumjibu supavaisa vibaya." Katika masikio yake, aliyekuwa akitahiniwa ni yeye. Kosa halikuwa lake. Kitenzi kutii hudai mkubwa wa kutiiwa, na kiwandani mkubwa anajulikana. Mkalimani akalifuta neno hilo na kuandika "uzingatiaji". Hata hivyo, mbele ya wafanyakazi alilazimika kulifafanua zaidi: wageni wamekuja kuangalia kama mwajiri anafuata masharti ya kuwatunza wanaomfanyia kazi. Maelezo hayo yalikuwa marefu kuliko istilahi, lakini yalieleweka.

Istilahi ya pili ilikuwa uhuru wa kujiunga na chama. Haki hii imo katika Mkataba nambari 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhakikishia kila mfanyakazi haki ya kuunda au kujiunga na chama cha wafanyakazi katika kifungu cha 41. Mkalimani aliuliza, "Je, mna uhuru wa kuwa na chama hapa?" Mwanamke aliyeulizwa alitabasamu. "Ndiyo, tunacho. Tuko akina mama kumi na wawili, tunachangiana kila mwisho wa mwezi." Mkaguzi alikuwa tayari amekwisha kutia alama ya ndiyo. Neno chama nchini Kenya hubeba mambo mengi: chama cha siasa, chama cha wafanyakazi, chama cha wanafunzi, na zaidi ya yote chama cha kuchangiana fedha. Laiti mkalimani angenyamaza, ripoti ingesafiri hadi ng'ambo ikidai kwamba kiwanda kile kina chama cha kuwatetea wafanyakazi, kumbe kilichopo ni cha kununuliana sufuria na kulipiana karo.

Kulikuwa pia na neno kibarua. Hili ni neno la Kiswahili lenye historia yake. Asili yake ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kiwe ushahidi wa kazi yake. Baadaye jina la kikaratasi likahamia kwa mtu, kisha likahamia kwa kazi yenyewe. Ajabu ni kwamba katika kiwanda kile vibarua ndio hasa waliokosa barua yoyote. Walikuwapo waliotimiza miaka miwili kwenye cherehani zilezile bila mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mkataba wa kawaida, na haki zake hubadilika. Wafanyakazi wengi hawakuwa na habari. Kwao kibarua ni hali ya mtu, mithili ya urefu au ufupi, wala si hadhi ya kisheria yenye mwanzo na mwisho.

Lakini istilahi iliyomnyima mkalimani usingizi ni kulazimishwa. Siku ya pili aliingia mama wa makamo kutoka laini ya kushona mikono ya mashati. Mkaguzi aliuliza kwa Kiingereza, naye mkalimani akatafsiri neno kwa neno, "Mama, je, mnalazimishwa kufanya kazi saa za ziada?"

"Hapana, mwanangu. Hakuna anayetulazimisha."

Mkaguzi aliandika. Kwa mujibu wa maadili ya ukalimani, kazi ilikuwa imekwisha: swali limefika na jibu limerudi. Lakini mkalimani alikumbuka kwamba Mkataba nambari 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, hauzungumzii pingu wala viboko peke yake. Unasema kazi ya kulazimishwa ni ile anayotozwa mtu kwa tishio la adhabu yoyote, naye hakujitolea kwa hiari. Wataalamu wa Shirika hilo wameeleza kwamba hata kunyimwa haki au manufaa ni adhabu. Mkalimani akaomba ruhusa ya kuliuliza swali kwa njia nyingine, na mkaguzi, ijapokuwa saa ilikuwa ikiyoyoma, akakubali.

"Mama, kengele ya jioni ikilia, nawe ukasema unakwenda nyumbani, kesho yake huwa nini?"

Mama aliutazama mlango kwanza. "Kesho yake nikifika getini, jina langu halimo."

"Na kesho kutwa?"

"Huenda likawamo, huenda lisiwemo. Wengine hukaa nje wiki nzima. Lakini hatulazimishwi, mwanangu. Kulazimishwa ni mtu kushikwa."

Mkaguzi alilifuta jibu la kwanza na kujaza ukurasa mzima. Neno lilelile lililomaanisha tishio katika mkataba wa kimataifa lilimaanisha mkono juu ya bega katika kinywa cha mama yule, na baina ya maana hizo mbili mlikuwa na jioni zake zote. Katika Kiswahili cha zamani kuna neno shokoa, lenye maana ya kazi ya lazima isiyo na malipo. Neno hilo halisikiki tena viwandani. Lakini haiwezekani kudai kwamba hali yenyewe imetoweka kwa kuwa tu jina lake limesahaulika.

Hatari ya jibu sahihi la swali lisilo sahihi haikomei kwenye mishahara na saa za kazi. Mnamo tarehe 11 Septemba 2012, moto uliteketeza kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan. Watu zaidi ya 250 walikufa, wengi wakiwa wamenaswa nyuma ya milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo. Wiki chache tu kabla ya hapo, kiwanda hicho kilikuwa kimetunukiwa cheti cha SA8000, mojawapo ya vyeti vinavyoheshimiwa sana katika fani hii. Miezi saba baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza liliporomoka huko Savar, Bangladesh, na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, lakini wafanyakazi waliamriwa kurudi kazini. Orodha ya ukaguzi huweza kuuliza kama mlango wa dharura upo. Mfanyakazi ndiye ajuaye ufunguo wake huwa mfukoni mwa nani.

Miezi kadhaa baadaye mkalimani aliitwa tena katika kiwanda kile kwa ukaguzi wa ufuatiliaji. Hatua za marekebisho zilikuwa zimetekelezwa barabara, kwenye karatasi. Kila mfanyakazi alikuwa na fomu ya Kiswahili sanifu iliyosema kwamba hukubali kufanya kazi saa za ziada "kwa hiari yangu mwenyewe". Fomu za laini nzima zilitiwa sahihi siku moja, kwa wino mmoja. Kwenye cherehani ya mama yule aliketi msichana mwingine. Mkalimani hakuweza kumuulizia, maana kumtaja kungefichua ni nani aliyesema nini, na siri ile ndiyo kinga pekee aliyoahidiwa. Supavaisa alieleza tu, bila kuulizwa, kwamba mikataba ya wengine ilikuwa imekwisha. Mikataba ipi, ilhali vibarua hawakuwa nayo?

Tangu hapo binti huyo hajaacha kujiuliza kama swali lake zuri lilimsaidia mama yule au lilimponza. Hata hivyo, hakurudi kwenye orodha yake ya zamani. Kila istilahi sasa ameiandikia swali la tukio badala ya swali la jina. Haulizi tena kama kuna ubaguzi; huuliza aliyepata mimba mwaka uliopita yuko wapi leo. Haulizi kama mshahara unatosha. Huuliza tarehe ambayo duka la mtaani huanza kumkopesha mtu. Maswali kama hayo hayapatikani kwenye rafu za maktaba. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaounda istilahi za sheria na kazi hawana budi kuyatafuta kwa wenyewe, nje ya lango la kiwanda, jioni kengele inapolia.

Katika daftari lake, mbele ya neno kulazimishwa, kisawe cha kamusi kimepigwa mstari. Chini yake kuna maneno machache kwa mwandiko wa haraka: jina kukosekana getini.