KABLA HUJASAINI ORODHA, TEMBEA



Leo nataka kuungama kwako kama mchungaji wako. Usiniponde, niombee.

Januari kamati yetu ya basari ilipokea barua 64 za kuomba karo. Pesa zilizokuwepo zingetosha watoto 12 tu. Miaka yote barua hizo tumezisoma sisi wenyewe, usiku, tukibishana na kuomba. Safari hii kijana wetu mmoja akaniambia, "Pasta, hiyo kazi mpe AI." Tukapiga barua picha, tukaiambia mashine itupangie kuanzia mwenye shida zaidi. Kabla chai haijapoa, orodha ilikuwa tayari. Safi! Nikasaini, pesa zikatumwa shuleni.

Jumapili moja baada ya ibada, mama shemasi akanivuta kando. "Pasta, mbona yule nyanya wa kule bondeni hayupo?"

Nikatafuta. Alikuwa nambari 57.

Barua yake ilikuwa mistari miwili ya Kiswahili, imeandikwa kwa penseli na mjukuu mwenyewe. Zile za juu zilikuwa kurasa mbili mbili za Kiingereza kilichonyooka. Mpendwa, mashine ilipima maneno. Haikujua kwamba mwenye shida kubwa mara nyingi hata maneno hana. Mama shemasi alijua, kwa sababu ameingia nyumba ile, akakaa kwenye kile kigoda, akanywa strungi na nyanya yule. Kufikia tulipochanga upya, mtoto alikuwa amekaa nyumbani wiki tatu. Kosa hilo si la mashine. Sahihi ni yangu.

Usiku huo nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 6. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, lakini sikuwa nimeona jambo moja: wajane waliosahaulika katika mgao wa kila siku walikuwa wale wa lugha nyingine, wa Kiyunani! Wasiosikika ndio huachwa nyuma, tangu kanisa la kwanza. Na mitume walifanya nini? Hawakufunga huduma. Walitafuta watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wakawakabidhi kazi ile.

Sisemi AI ni ya shetani. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Togo pamoja na shirika la GiveDirectly walitumia kompyuta kusoma picha za setilaiti na rekodi za simu ili kuwatambua maskini zaidi, wakawatumia pesa kwa simu. Watu wengi walisaidika haraka, bila foleni. Lakini fikiria: asiye na laini ya simu angeonekanaje?

Kwa hivyo kamati yetu imekubaliana mambo matatu. Mashine inaweza kutusaidia kuhesabu, kuandika ripoti na kupanga bajeti, lakini hakuna jina litakalokatwa kabla mtu wetu hajafika mlangoni. Pili, majina na siri za watoto wa watu hatutazimwaga tena kwenye mtandao. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata isingekuwepo, siri ya maskini ni amana. Tatu, anayesaini awe tayari kujibu mbele za Mungu. Siku ile ya hesabu, AI haitaitwa kusimama kando yangu.

Na wewe unayehudumu kwenye chama, shirika au kikundi cha akina mama: katika orodha yako, ni nani yuko nambari 57? Wiki hii chukua jina moja kutoka chini, uende ubishe hodi.

Tuombe: Baba, asante kwa maarifa uliyowapa wanadamu. Tusamehe pale tulipoacha mashine iende mahali ulipotutuma sisi. Tupe miguu ya kutembea na macho ya kuona. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, na jioni umpigie mtu mmoja simu.