Vidonge 84



Nilikuwa kwenye mwaka wa kichungaji, parokia ya jirani, kila nikienda nyumbani Songea naambiwa mpwa wangu amenenepa. Alikuwa na miaka sita. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, viatu vya shule havimwingii. Nami nikasifu kama wengine. Dada yangu ndiye aliyeona kwamba asubuhi macho yake hayafunguki vizuri, na kwamba mkojo wake una povu kama la sabuni, lisiloisha upesi. Zahanati moja ikampa dawa ya minyoo. Jirani akanong'ona kuwa mtoto kalishwa kitu.

Jibu lilipatikana hospitalini, kwenye kijiti cha kupimia mkojo: protini, alama tatu za kujumlisha. Daktari alitueleza taratibu. Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Vikiharibika, protini ya damu huvuja kwenda kwenye mkojo, na damu iliyopungukiwa protini hiyo haiwezi kushika maji yake. Yanatoka kwenye mishipa, yanakaa usoni, tumboni, miguuni. Wataalamu wanaiita sindromu ya nefrotiki. Alipimwa kwanza UKIMWI, homa ya ini aina ya B, kichocho na kifua kikuu, maana baadhi ya magonjwa haya huleta uvimbe kama huo, na mengine huamka mtoto akianza dawa inayopunguza kinga. Hakukutwa na hata moja. Akaandikiwa steroidi iitwayo prednisoloni: vidonge 7 vya miligramu 5 kila asubuhi, akisha kula, na tusithubutu kuiacha ghafla. Watoto wengi, tuliambiwa, hupata nafuu ndani ya wiki nne.

Wiki nne zikapita. Kijiti kikasema yaleyale.

Hapa nina la kuungama. Nilimshuku dada. Vidonge vile ni vichungu, mtoto alikuwa akilia na kuvitema, na dada ana wengine wawili na shamba la mahindi. Siku ya thelathini, alipokwenda kuchota maji, nilifungua kopo na kuhesabu. Tulinunua dawa ya wiki sita, vidonge 294. Alitakiwa awe amemeza 210. Nilivimwaga juu ya kitanda nikavihesabu mara mbili: 84. Hakikupungua wala kuzidi hata kimoja.

Dada alinikuta bado navirudisha koponi. Hakufoka. Alisema tu, "Frateri, hata wewe?"

Nimefundisha katekesi ile sura ya tisa ya Injili ya Yohane, pale wanafunzi wanapomwona kipofu na kutaka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi. Niliifundisha vizuri sana.

Ukweli ni kwamba wapo watoto ambao dawa hii haiwasaidii hata wakiimeza yote. Wengine wana hitilafu ya kurithi kwenye chembe zinazoshikilia kichujio. Barani kwetu jambo hili si geni: Uganda, daktari John Kibukamusoke wa Mulago alichunguza uhusiano wa uvimbe huu na aina moja ya malaria, akaandika kitabu kizima mwaka 1973, na wagonjwa wa namna hiyo nao mara nyingi steroidi haikuwafaa. Kwa hiyo daktari anauliza kwanza kama dawa imemezwa, na ana haki ya kuuliza. Lakini akishajibiwa, anaendelea mbele. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye swali.

Tulipewa rufaa ya Muhimbili. Basi lilipita Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, mtoto amelala mapajani mwa mama yake, mimi na chupa ya maji na bahasha ya majibu. Huko walimlaza kifudifudi, wakamtia ganzi, wakapitisha sindano mgongoni na kuchukua kipande cha figo chembamba kama uzi. Baadaye alilazwa chali saa nyingi, wauguzi wakiangalia kama mkojo una damu. Alichouliza ni kama atakula chipsi.

Majibu yakaja: makovu kwenye sehemu za baadhi ya vichujio. Prednisoloni ikaanza kupunguzwa kidogo kidogo. Akaanzishiwa siklosporini asubuhi na jioni, na enalaprili ya kupunguza uvujaji. Siklosporini inaweza yenyewe kuumiza figo, hivyo shinikizo la damu na damu yake hupimwa mara kwa mara. Chumvi tumeipunguza nyumba nzima. Akipata homa na maumivu ya tumbo hatusubiri kesho, maana watoto hawa hupata maambukizi ya tumboni haraka.

Nilimwomba dada msamaha tukiwa kwenye benchi la kliniki. Alisema nimshikie mtoto, anakwenda dirisha la dawa.

Sasa ni mwezi wa tano. Ana nywele nyingi mikononi kwa sababu ya dawa, wenzake wanamtania. Kila asubuhi dada anachovya kijiti na kuandika kwenye daftari la shule la kurasa 40. Juma lililopita alinipigia simu kabla ya masifu ya asubuhi. Alama zimeshuka, imebaki moja. Akauliza pia kama nimepata mnunuzi wa lile gunia la mahindi, kwani siklosporini inaisha Ijumaa.