Nani Anaibeba Tahadhari Yako

Ukilinyanyua gari aina ya Hiace ukalivika matairi makubwa ili liweze njia za mawe, shida ya kwanza haitokani na matairi manne yanayokanyaga ardhi. Inatokana na la tano. Kiwandani spea ya Hiace hutundikwa chini ya sakafu, nyuma kabisa, kwenye mnyororo unaoteremshwa kwa kuzungusha chuma. Nafasi hiyo ilipimwa kwa tairi la 195/80R15, lenye kimo cha milimita 693. Ukienda kwenye 235/75R15, kimo kinafika milimita 733. Zimeongezeka sentimita nne tu, lakini na unene wa tairi umeongezeka nne nyingine, na hapo linagoma kuingia, au linaingia kwa kusukumizwa na kubaki limening'inia, liwe la kwanza kugonga mwamba.

Wapo wanaoamua kubaki na spea ileile ndogo. "Ni ya kunifikisha tu," wanasema. Kwa safari ya sokoni, sawa. Lakini kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, tairi fupi kuliko wenzake hulazimika kuzunguka upesi zaidi, na difu hushinda ikisuluhisha ugomvi usiokwisha. Joto linapanda, oili inachoka. Na kutoka Engaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, hadi kuikuta lami Mto wa Mbu si safari ya sokoni. Kwa njia kama ile mimi niko upande wa wanaobeba spea ya saizi kamili, na uzito wake wote.

Mawe ya volkano yana tabia yake. Msumari hutoboa tairi usoni, na tundu la usoni unaliziba mwenyewe: unalichimba kidogo, unapenyeza kipande cha mpira wa kunata, unajaza upepo kwa pampu ya betri, unaondoka. Jiwe la volkano halitoboi. Linachana, tena ubavuni, mahali ambapo tairi hujikunja kila linapozunguka, na hapo hakuna kiraka cha kuaminika. Ubavu ukishafunguka, maarifa yako yote na vifaa vyako vyote havina kazi. Kinachohitajika ni gurudumu lingine zima, lenye matundu yanayolingana na nati zako, na jeki inayofika kwenye gari lililokwisha kunyanyuliwa. (Hili la jeki husahauliwa sana. Jeki ya kiwandani ilitengenezwa kwa gari la kimo cha kiwandani.)

Magari ya mwanzo yaliuzwa bila spea kabisa. Dereva akipata pancha alikaa kando ya barabara, akabandua tairi, akaziba, akapampu kwa mkono, mvua ikimnyeshea. Mwaka 1904 ndugu wawili wa Llanelli, Wales, Thomas na Walter Davies, walianza kuuza rimu yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, ya kubanwa kwa vibanio juu ya gurudumu lililopasuka. Ilikuwa nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo nayo ilibidi iwekwe mahali, na magari mengi ya zama zile yalibebeshwa spea ubavuni, pengine ikaziba mlango wa upande huo. Tangu siku za mwanzo, basi, swali la pili limekuwa gumu kuliko la kwanza. Kuwa na spea ni jambo la fedha. Pa kuiweka ndipo penye akili.

Ndani ya gari inakula nafasi ya abiria wawili, na siku ya ajali kilo thelathini na tano za mpira na chuma hazikai zilipowekwa. Juu ya keria inafanya gari liyumbe kwenye kona, halafu ikihitajika lazima apatikane mtu wa kuishusha kutoka juu ya kichwa chake, katikati ya vumbi, peke yake. Ndiyo maana wengi huishia mlango wa nyuma. Wameona Land Cruiser zikibeba spea mlangoni miaka yote, wanadhani mlango ni mlango.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na imani hiyo. Nilimsindikiza kwa fundi wa kuchomelea, Unga Limited, Arusha, akiwa na tairi jipya na kipande cha chuma alichotaka kifungwe mlangoni. Fundi hakubishana. Alifungua mlango, ukapanda juu kwa zile pampu zake mbili za gesi, akausukuma kwa kidole kimoja kuonyesha ulivyo mwepesi.

"Bosi, mlango huu unakwenda juu. Ukishaning'iniza mzigo huo, nani ataunyanyua?"

"Tutaweka pampu ngumu zaidi, fundi."

"Na bawaba?"

Akagonga bati kwa ukucha. Lilitoa sauti ya kopo. Bati la mlango halifiki unene wa milimita moja, na bawaba zake ziliwekwa zibebe kioo na bati hilo, basi. Mwishowe alitengeneza mkono wa chuma unaofunguka kando, wenye ekseli yake ndogo na nipo ya grisi, akaufunga kwenye mihimili ya chini inayoshika bampa, mlango ukabaki huru. Pale mkono unapojifunga aliweka mpira mnene unaoukaza. Alitumia muda mrefu kwenye huo mpira kuliko kwenye kuchomelea kote. Chuma kinachobeba hakikatiki upesi, alisema. Kinachocheza ndicho kinachokatika. Kwenye vijituta vya mfululizo vya njia ya Serengeti, mkono uliolegea hupigwa mara elfu kadhaa kabla ya chakula cha mchana.

Hata hivyo mzigo haujatoweka, umehama tu. Piga hesabu: tairi na rimu kilo 35, mkono na kiti chake kilo 25, jumla 60, zikining'inia kama mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kati ya ekseli mbili za Hiace ya kawaida kuna mita 2.57. Ekseli ya nyuma haibebi 60, inabeba 90, kwa sababu mzigo uliotokeza nyuma unainyanyua mbele na kuipunguzia kilo 30. Na hapa ndipo penye mtego. Dereva akikaa kwenye usukani anauona umekuwa mwepesi. Anafurahi, anamwambia fundi gari limekuwa laini. Kumbe wepesi huo ni matairi ya mbele yaliyopunguza kushika ardhi, huku springi za nyuma zikilala kimyakimya.

Nimelifikiria sana jambo hilo nje ya magari. Tunazungumza kuhusu tahadhari kana kwamba ni kitu cha kuwa nacho au kukosa: weka akiba, kata bima, jipange. Ni nadra mtu kuuliza nani anaibeba. Katika ukoo wetu spea ni shangazi, dada yake baba. Dada akijifungua, shangazi yupo. Kaka akipata kazi ya mkoani, watoto waende kwa shangazi, yupo. Babu alipolazwa, ratiba ya kulala hospitalini ilipangwa kwenye kundi la WhatsApp kwa dakika chache, na jina lililojaza nafasi zote zilizobaki wazi lilikuwa lake. Neno hilo "yupo" limetufanya tuanzishe biashara, tuhame miji, tukope. Sisi tuliokaa mbele usukani ulikuwa mwepesi, na kila mmoja alidhani ni ustadi wake wa kuendesha.

Na spea ina msiba mwingine wa pekee: inazeeka bila kutumika. Geuza tairi lolote, tafuta duara lenye namba nne za mwisho ubavuni. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lile la nyuma linaweza kuwa na nyuzi zote za usoni, halijakanyaga hata changarawe, na bado mpira umekakamaa na kuota nyufa ndogo kwa jua na joto la ekzosi. Upepo nao hupungua kidogo kidogo. Kava likishavalishwa, hakuna anayeinama kupima. Masaki, Dar es Salaam, nimeona vani yenye spea kubwa nyuma, kava limechorwa simba anayenguruma, na nina mashaka kama mwenyewe anajua kuna upepo kiasi gani nyuma ya yule simba. Watu hupima matairi yanayofanya kazi kwa sababu yanalalamika: gari linavuta upande, usukani unatetemeka. Lililotundikwa halilalamiki.

Madereva wa kitalii walio makini wana dawa yake, nami nimeifuata. Hawana matairi manne na spea moja. Wana matairi matano. Kila baada ya kilomita elfu kumi hivi la nyuma linashuka kufanya kazi, na moja la chini linapanda kupumzika. Yote yanalika sawasawa, yanazeeka pamoja, yananunuliwa pamoja. Kimo hakitofautiani, difu haina kesi. Dawa hii ina gharama yake, kwa maana siku ya kununua unanunua matano, na sijui wangapi kati yetu tunaipenda siku hiyo.

Niliyasema haya kwenye kikao cha familia mwaka jana, bila kutaja matairi, maana kaka yangu mkubwa angenicheka. Nilipendekeza zamu: likizo za watoto zigawanywe kwa nyumba zote, na wa kulala na mgonjwa apangwe hata yule anayeishi mbali, akishindwa alipe mtu. Kulikuwa na minong'ono. Shemeji akauliza kama shangazi amelalamika. Wakageuka wote kumtazama.

Shangazi aliweka kikombe chini. Akasema hajalalamika, ila kwa kuwa mnauliza, anataka kwenda Tanga kwa rafiki yake waliyesoma naye, akae mwezi mzima, na simu atakuwa anaiwasha jioni tu. Kaka akauliza, "Sasa mwezi huo watoto watakaa kwa nani?"

"Si umesikia kuna zamu?" akamjibu. "Anza wewe, mwanangu. Wali hawaupendi mkavu."