Usiku Mfasiri Aliponyamaza

Katika mtaa wetu, ndani ya uzio wa mgodi wa Mwadui, televisheni ilikuwa kwa fundi mitambo mmoja aliyekuwa akiingia zamu moja na baba. Ungo wake ulisimama uani juu ya jukwaa la zege, mpana kuliko mlango wa nyumba. Usiku wa mchezo wa kundi la Kaole watoto tuliwahi kuingia, tukakaa sakafuni. Wakubwa walikuja baadaye wakiburuta viti vyao, na kila aliyevuka kizingiti alisema "Mwadila!" nasi tukaitikia bila kugeuza macho. Bibi yangu hakukosa. Alikuja na bakuli la matobolwa na karanga, akaliweka katikati yetu, kisha akauliza swali lake la kila wiki: "Yule mtoto wetu ameshatokea?"

Mtoto wetu alikuwa Blandina Chagula, ambaye nchi nzima ingekuja kumwita Johari. Hatukuwa na udugu naye wowote. Lakini Chagula ni jina la Kisukuma, na kwa bibi hilo lilitosha kuwa ukoo. Alipenda kulitamka akicheka, maana lilimkumbusha chagulaga ya ujana wake, pale msichana alipozungukwa na wavulana wanaomposa wakimsihi achague mmoja wao. Jina Johari lilipokuja bibi alilitamka "Johali", na mpaka leo nikilisoma mahali nalisikia kwa sauti yake.

Ninazungumzia miaka ya 2002 na 2003, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Michezo ya kundi la Kaole ilionyeshwa ITV, na ingawa kila mmoja ulikuwa na jina lake, Jahazi, Zizimo, Gharika, sisi yote tuliita Kaole. Bi Hindu, Mzee Jengua, Swebe na Dr. Cheni walikuwa kama majirani wa mtaa wa pili. Humo humo alikuwamo kijana mwingine wa kwetu, Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, aliyesoma Shule ya Msingi Bugoyi na kupita sekondari ya Mwadui kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Wapo waliodai kumkumbuka akipita na madaftari yake. Sikuwahi kujua nani alisema kweli, ila sote tulikaa wima zaidi alipotokea.

Mchezo wa kuigiza wa wakati ule ulikuwa na mwendo wake. Watu waliketi sebuleni wakazungumza kwa muda mrefu, kamera ikawatazama kwa mbali kama mgeni aliyeona haya kusogea. Kisa kilianza wiki hii, kikanyooka mpaka miezi. Mwigizaji hakuhitaji kukushika usiku ule ule, alijua utarudi. Ndiyo maana nilimpenda yule binti wa Chagula. Alijua kunyamaza. Angeambiwa neno la kumuumiza, akakunja mkono mapajani, akatazama pembeni, na kipindi kikaishia hapo. Wiki nzima tuliishi na ule ukimya wake. Kisimani, darasani, kwenye foleni ya kusaga, watu walibishana angejibu nini.

Kisha filamu zikaja. Mwaka 2003 mwongozaji George Tyson alitoa Girlfriend, na Monalisa, sura tuliyoizoea kwenye michezo ya televisheni, akawa nyota wa filamu. Habari zilifika kwetu kabla ya filamu yenyewe. Sikuzielewa. Kwangu filamu ilikuwa kitu cha Wahindi, Wachina na Wamarekani, kilichoonyeshwa nje ya geti, Maganzo, katika banda la video lililoezekwa bati na kuzibwa matundu kwa magunia ili mwanga usiingie. Mle ndani alikuwapo mfasiri. Alikaa karibu na mashine na kipaza sauti mkononi, akatafsiri maneno ya kila mtu, mwanamume, mwanamke na mtoto, akiongeza yake alipoona pamepooza. Bila yeye hakukuwa na filamu.

Likizo moja, nikiwa kidato cha tatu, binamu yangu alinichukua mpaka Maganzo kuona filamu iliyotoka mwaka 2006. Iliitwa Johari. Walikuwamo Kanumba, Ray Kigosi, na binti yetu, mwenye jina lile kwenye kasha. Tulilipa shilingi 200 kila mmoja. Banda lilijaa wabeshi, wale vijana wanaotafuta almasi kwenye mabaki ya mgodi bila kibali, miguu yao bado na vumbi la kijivu. Filamu ikaanza, na baada ya dakika chache niligundua kwamba kuna kitu kimepungua. Mfasiri alikuwa amekaa pale pale, kipaza sauti kimelala juu ya goti. Hakuwa na la kutafsiri. Watu kwenye kioo walisema Kiswahili, na wabeshi, ambao kwa kawaida walipiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho, walikuwa wametulia.

Nilikuja kuyafikiria sana mambo ya usiku ule nilipokuwa mkubwa, lakini wakati ule nilichoona ni uso wake tu. Kamera ilikuwa imesogea. Kwenye Kaole nilimwona kwa umbo zima, yuko kochini kati ya wengine. Humu uso ulijaza kioo, na machozi yalitoka mbele yetu, hayakungoja wiki ijayo. Muziki ulipanda chini ya kilio chake. Kila kitu kilikwenda haraka, maana filamu ilikuwa na saa zake na ilipaswa kutimiza ahadi ya kasha lake kabla mwenye banda hajazima jenereta. Nilimlilia. Lakini nikiwa njiani kurudi nilihisi nimempoteza yule wa ukimya. Alikuwa amejifunza lugha nyingine ya mwili, yenye sauti kubwa zaidi, na nadhani haikuwa kazi nyepesi kwa msichana aliyelelewa na mwendo wa kundi kujitokeza hivyo peke yake. Hilo huwa halisemwi tunapowasifu waliovuka kutoka televisheni kwenda filamu. Tunahesabu umaarufu na magari. Tunasahau kwamba walilazimika kuacha namna ya kuigiza waliyoijua vizuri na kuanza upya mbele ya watu waliokwisha kuwapenda.

Nilimweleza baba nilichoona. Alikuwa mtu wa mtambo wa kuchenjua, na kwake kila jambo lilirudi kwenye mwamba. Akaniambia kwamba hapa Mwadui, kwa kila tani 100 za mwamba unaosagwa, hupatikana karati chache, pengine 6, na karati moja ni gramu 0.2 tu. Jiwe la waridi la karati 54.5 lililopatikana mwaka 1947, ambalo Dkt. Williamson, mwasisi wa mgodi, alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, lilitoka kwenye udongo huu huu, likapelekwa London kukatwa. "Johari zetu zote zinakatiwa mbali," alisema baba. "Hatuzioni tena zikishang'aa." Bibi akamkatiza: huyu mbona amerudi, tena kwa shilingi 200?

Hapo bibi alikuwa ameona mbali. Televisheni ilitupa binti yetu bure, pamoja, mara moja kwa wiki. Filamu ilimrudisha kwa bei. Mwanzo ilikuwa kiingilio cha banda, baadaye ikawa CD. Kufikia 2008 na 2009 kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na deki, na makasha yalipangwa juu ya kabati, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, mengi yakiwa na majina ya Kiingereza ilhali maneno yote ndani ni Kiswahili. Kanumba alikuwa amekwisha kucheza na Wanigeria katika filamu ya Dar 2 Lagos, kisha akaja na Oprah. Sebule ya fundi mitambo ilianza kupwaya. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Kila mtu alikuwa na sababu ya kubaki kwake.

Lakini bei ile ilikuwa na upande mwingine, na mimi binti wa mchenjuaji niliushika kuliko kitu chochote. Johari aliungana na Ray Kigosi wakaanzisha kampuni ya filamu, RJ, herufi moja ya kila mmoja wao. Niliiona ile J kwenye kasha nikaigusa kwa kidole. Miaka yote niliyoishi ndani ya uzio, herufi za kampuni zilikuwa za watu wa mbali: za De Beers, za serikali, na tangu 2009 za Petra waliochukua asilimia 75 ya mgodi. Hii ilikuwa ya msichana niliyemwona akikunja mkono mapajani kwenye sebule ya jirani. Kwenye kundi alikuwa mmoja wa watoto wa kundi, akipangiwa kisa na nafasi. Sasa alikuwa mwenye kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule bila kujua niende wapi, na nikaenda kuomba kazi ya stationery Shinyanga mjini kwa nia moja tu, nijifunze kuendesha duka, siku moja nifungue langu. Ninalo sasa. Herufi ya jina langu iko kwenye kibao.

Tarehe 7 Aprili 2012 Kanumba alifariki, akiwa na miaka 28. Maganzo maduka yalifungulia kituo kimoja cha redio, na usiku banda la video lilionyesha filamu zake bila kiingilio. Bibi alikaa nje na kaniki yake mabegani kama aliyefiwa. Yeye mwenyewe alitutoka mwaka uliofuata.

Hakumwona Lulu akipewa tuzo. Elizabeth Michael, tuliyemwita Lulu, aliingia Kaole angali mtoto mdogo. Tulimwona akikua kwenye kioo kile kile cha jirani. Yaliyompata katikati yameandikwa sana na sitayarudia. Mwaka 2013 alitoka na Foolish Age, na mwaka 2016, huko Lagos, akapewa tuzo ya Africa Magic ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu. Mdogo wangu alinipigia simu usiku akipiga kelele. Kwa kizazi chake Lulu ndiye aliyefungua mlango, sikumbishia.

Soko la CD lilikuwa linakufa wakati huo huo. Filamu zilinakiliwa kwenye kadi za simu kwa bei ya maji ya kunywa. Waigizaji wakaanza kurudi walikotoka, kwenye kisa cha wiki baada ya wiki: Huba, halafu Jua Kali ya mwongozaji Lamata, kwenye chaneli ya Maisha Magic Bongo. Nilipoona watu wamekaa tena sebuleni wakizungumza kwa muda mrefu, nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Ila sasa kamera haioni haya. Inajua kusogea.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwadui kumsalimia kaka. Anafanya kazi mgodini, na amepewa nyumba katika mtaa ule ule, jirani na ile ya fundi mitambo. Ungo uling'olewa zamani, limebaki jukwaa la zege. Binti wa kaka, wa miaka kumi na mitatu, hukaa juu yake kila jioni, kwa sababu, aliniambia, "Shangazi, mtandao unakamata hapa tu." Nilipanda nikakaa naye. Nikamwomba atafute Johari. Ikapatikana, picha imefifia, sauti inakwaruza. Kioo kilikuwa kidogo kuliko kiganja, ikabidi tusogeane mpaka vichwa vikagusana.

"Huyu ndiye nani?"

"Mtoto wetu."

Jirani akapita njiani na ndoo yake kichwani. "Mwadila!" alisema, nasi tukaitikia bila kugeuza macho.