Kitabu Chembamba Ndani ya Kitabu Kinene

Katika mtihani wa mdomo wa muhula wangu wa kwanza wa falsafa, jaalimu aliniuliza kwa Kiingereza nieleze maana ya neno "accident" kwa Aristotle. Nilifurahi. Katika maneno yote ya somo lile, hilo nililijua tangu shule ya msingi. Nikaeleza kwamba ni jambo baya linalotokea bila kupangwa, na ili nionekane nimeelewa vizuri, nikatoa mfano wa basi kupinduka kwenye mlima Sekenke.

Jaalimu hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Frateri, unapowafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, unawaambia baada ya mageuzo kinabaki nini kwa macho?"

Nikajibu bila kufikiri, "Maumbo ya mkate na divai, Padre."

"Basi," akasema, "hayo ndiyo niliyokuuliza."

Nilitoka nikaenda kukaa peke yangu chini ya mwarobaini nyuma ya bwalo. Kilichoniuma si alama. Mtu anaweza kunenepa, kuzeeka, kuchomwa na jua la Dodoma akabadilika rangi, lakini bado ni yule yule. Hayo yanayobadilika juu yake, huku yeye mwenyewe akibaki, ndiyo Aristotle anayoyazungumzia, na Mtakatifu Thomas wa Akwino aliyachukua kuelezea Ekaristi. Jambo hilo nililijua tangu nikiwa na miaka tisa, kwa Kiswahili cha katekista wetu wa kigango. Lilipokuja limevaa Kiingereza, sikulitambua.

Wasomaji wengi wa jarida hili wamepita njia niliyopita mimi. Tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza na siku chache baadaye biolojia, jiografia na historia zote zikawa kwa Kiingereza. Tulifanya kile ambacho mtoto yeyote mwenye akili angefanya: tulikariri. Nilikuwa hodari wa kukariri. Niliweza kuandika ukurasa mzima wa notisi bila kukosea nukta, na bila kujua ukurasa unasema nini. Nilifaulu hivyo, na nikafika seminari kuu hivyo.

Baada ya mtihani ule nilijifariji kwa njia ambayo mafrateri wengi wanaijua. Nilimkumbuka Mtakatifu Yohane Maria Vianney, aliyeshindwa Kilatini hata seminari ikamrudisha, na bado akapadirishwa mwaka 1815, akawa Paroko wa Ars na msimamizi wa maparoko. Nilimweleza hayo padre mmoja mzee, mmisionari Mwitaliano, niliyemwendea kwa ushauri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vianney alihangaika na Kilatini mpaka machozi. Wewe umehangaika na nini?"

Nikamwonyesha kitabu nilichokuwa nacho mkononi, juzuu moja ya historia ya falsafa ya Mjesuiti Frederick Copleston. Nikamwambia nakaa nacho kila usiku pamoja na kamusi. Akanipa penseli: "Pigia mstari kila neno usilolijua. Ukurasa mmoja tu."

Nilipiga mistari 41.

"Hapo husomi, unaponda kokoto," akasema. Kisha akanisimulia jinsi yeye alivyojifunza Kiswahili. Alipofika nchini alitaka kuanza na Biblia na mahubiri. Paroko wake akamnyang'anya vitabu vyote, akampa kitabu cha kusoma cha darasa la pili. Jioni alikaa kwenye baraza ya misheni akikisoma kwa sauti, watoto wa shule wakimzunguka na kumcheka kila alipokosea. Alipomaliza cha darasa la pili, akapewa cha darasa la tatu. "Nilikuwa na shahada mbili," akasema, "na nilikuwa nasoma habari za sungura na fisi. Lakini nilikuwa nasoma. Ulimi wangu ulizoea mwendo wa Kiswahili kabla sijakumbuka kuogopa."

Kwenye maktaba yetu, nyuma ya rafu za ufafanuzi wa Maandiko, kuna kabati la chini ambalo mafrateri hawalifungui. Lina vitabu vyembamba vya Kiingereza: riwaya maarufu zilizofupishwa kwa wanafunzi, hadithi za kidato cha pili, na vingine vimeliwa na mchwa pembeni. Nilichukua Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, mwalimu aliyekuja nchini kutoka Uingereza, akawa Mtanzania na kuwaandikia wanafunzi wa hapa. Nilikichagua kwa sababu kilikuwa chembamba kuliko vyote. Baadaye nilicheka mwenyewe: nimeponzwa na basi, nimeokolewa na dereva wa basi.

Lakini sikuwa na ujasiri wa kukisoma mbele ya watu. Frateri wa falsafa, miaka karibu 24, anasoma kitabu cha kidato cha pili! Nikakiweka ndani ya Copleston. Kwa siku tatu za masomo ya jioni nilikaa na kitabu kinene wazi mbele yangu, kitabu chembamba katikati yake, na yeyote aliyepita alimwona mwanafalsafa. Jioni ya tatu nilicheka kwa sauti. Jirani yangu wa meza akainama kunong'ona, "Tangu lini Copleston anachekesha?" Akavuta kitabu, akaona. Nilingoja kejeli. Alitazama pande zote, akasema, "Ukimaliza, nipe mimi kabla ya mwingine."

Kilikuwa kitabu cha kwanza cha Kiingereza nilichokimaliza maishani bila kufungua kamusi.

Tangu hapo nimejifunza kwamba padre yule mzee alikuwa akisema jambo ambalo watafiti wa lugha wamelipima. Paul Nation wa New Zealand na wenzake wanakadiria kwamba ili mtu asome hadithi kwa raha na peke yake, anahitaji kujua maneno kama 98 katika kila 100. Katika ukurasa wa maneno 300, maana yake ni maneno sita mageni. Mimi nilikuwa na 41. Kwetu, mgeni mmoja akiingia kijijini, kila mtu anamwona na kabla ya jua kuzama wameshajua ni wa nani. Siku ya mnada wa ng'ombe hakuna anayejua nani mgeni, maana wote ni wageni. Ndivyo ilivyo kwa kitabu. Neno moja geni kati ya majirani linaonekana, na majirani wenyewe wanalitambulisha. Maneno arobaini mageni yanafunikana. Ndiyo maana "accident" ilinipita. Katikati ya umati wa maneno nisiyoyajua, ilikuwa sura pekee niliyodhani naifahamu, nikaikumbatia bila kuiuliza imetoka wapi.

Namna niliyoifuata si siri. Nafungua kitabu katikati na kusoma ukurasa mmoja. Maneno mageni yakizidi sita au saba, nakirudisha kwenye rafu bila kinyongo. Siku yake itafika. Nikianza kusoma, sisimami kwa kila neno. Naendelea mpaka mwisho wa sura, ndipo nachagua maneno mawili au matatu yaliyorudi mara nyingi, nayatafuta kwenye kamusi. Nasoma kila siku nusu saa, hata siku ya mtihani. Na nasoma vingi vya ngazi moja kabla ya kupanda ngazi nyingine. Kwa mwaka mmoja nimemaliza vitabu 23. Nilianza na Mabala, nikapita hadithi zilizofupishwa, nikafika Things Fall Apart cha Chinua Achebe kama alivyokiandika mwenyewe mwaka 1958, bila kufupishwa.

Sitaki kumdanganya mtu. Hakuna kitabu cha hadithi kitakachomfundisha frateri maana ya neno la Aristotle. Maneno ya falsafa yana kazi yake. Lazima ukae nayo moja moja, uyaandike, umuulize mwalimu. Lakini sasa najua ni neno gani la kuuliza. Ukurasa ule wa Copleston nimeurudia mwezi uliopita kwa penseli ya rangi nyingine. Mistari ilikuwa tisa. Bado ni mingi, na bado natoka jasho, lakini sentensi zinasimama zenyewe.

Kilichonichelewesha, nikisema ukweli, hakikuwa Kiingereza. Kilikuwa kiburi. Nilipendelea kuonekana na kitabu nisichokielewa kuliko kuonekana na kitabu ninachokielewa. Na hapo watakatifu wananihukumu kwa upole. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliporudi kutoka Nchi Takatifu mwaka 1524, mtu mzima wa zaidi ya miaka 30 na askari wa zamani, alikaa Barcelona darasani na watoto wavulana ili ajifunze Kilatini. Hakukiweka kitabu cha watoto ndani ya kitabu kingine. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, anaungama kwamba Kigiriki alikichukia utotoni kwa sababu kiliingizwa kwa vitisho na adhabu, ilhali Kilatini alikipata kwa walezi waliomchekea na kucheza naye. Anahitimisha kwamba hamu ya moyo hufundisha lugha kuliko hofu. Na Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorintho kuwa aliwapa maziwa kabla ya chakula kigumu. Nilikuwa nikilisoma somo hilo kama karipio kwa Wakorintho. Sasa naliona pia kama uvumilivu wa mama anayejua mtoto wake amefikia wapi.

Wakati wa uchungaji wa likizo nilikuwa kwenye kigango kimoja upande wa Bahi. Mjukuu wa katekista alikuwa ameanza kidato cha kwanza na alikuwa ameshaamua kuacha. Bibi yake alinieleza kwa Kigogo kilichochanganyika na Kiswahili kwamba mtoto anarudi nyumbani hasemi neno. Nilimwita.

"Shikamoo, Frateri."

"Marahaba, binti. Shule inasemaje?"

"Haisemi, Frateri. Inasema Kiingereza."

Tulicheka wote, lakini macho yake hayakucheka. Niliyajua macho yale. Wala hali yake si mpya. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania, wakakuta wengi katika sekondari hawana Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Katika miaka iliyofuata ulikuja mradi wa kupeleka mashuleni vitabu vyepesi vya hadithi, ili wanafunzi wasome kwa wingi kulingana na uwezo wao. Watu wenye hekima walishaona dawa kabla sijazaliwa. Lakini mradi huisha, na vitabu huishia kwenye kabati la chini.

Nilikuwa na Mabala the Farmer kwenye begi. Nilimwambia asitumie kamusi, na asimwonyeshe mwalimu kama hataki. Nikamwambia pia kwamba mimi mwenyewe nilianza na kitabu kama hicho nikiwa frateri, na kwamba nilikificha. Nadhani hilo la mwisho lilimsaidia kuliko kitabu.

Jumapili ya tatu, baada ya ibada, alinifuata na daftari. Nyuma yake alikuwa ameandika maneno kumi na moja, na mbele ya kila neno maana aliyoibahatisha mwenyewe kutokana na hadithi. Manane alikuwa amepatia. Akaweka kidole kwenye yale matatu, akaniuliza moja moja. Kisha akaniuliza kama kuna kingine.

Sikuwa nacho. Nilirudi seminarini na aibu hiyo, na nikamwomba mhudumu wa maktaba ruhusa ya kulihamisha kabati la chini. Sasa lipo karibu na mlango, na kuna daftari la kuazima. Nimehesabu majina ya mafrateri 14, wengine wa teolojia.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako, chini ya kitanda au juu ya kabati, kuna vitabu vyembamba vya Kiingereza vya watoto wako waliokwisha kumaliza shule. Usivichome na usivifungie karanga. Vipeleke ofisi ya parokia, umwombe paroko avitafutie sanduku na mtu wa kuviandikisha. Na kama wewe mwenyewe umekuwa ukitamani lugha hiyo, azima cha kwanza, ukisome hadharani.