Majani ya Watu, Uwanja wa Mama

Kwetu Kipatimu, wilayani Kilwa, nyasi zikiota uwanjani hakuna anayesema pale pana bustani. Watu huuliza mwenye nyumba kasafiri au anaumwa. Uwanja hufagiliwa alfajiri kwa fagio la chelewa, kuanzia kizingitini kwenda nje, mpaka udongo ubaki mtupu na mistari ya fagio. Mama yangu alifagia hivyo kila siku ya Mungu, na jani likichomoza alichuchumaa na kijembe akalitoa na mizizi yake. Sababu alikuwa nayo: kwenye majani ndimo anamojificha nyoka, na milima ya Umatumbi haijawahi kupungukiwa nyoka. Mimi mwanawe nimeoa, nimejenga na kusomesha watoto kwa kazi ya kuotesha majani mbele ya milango ya watu.

Jirani zetu ni Nandete, ambako Vita vya Majimaji vilianzia Julai 1905, na vilianza kwa kung'oa: wazee waliingia kwenye shamba la pamba la serikali ya Wajerumani wakang'oa miche. Nikiwa Dar es Salaam niliwatania wenzangu kwamba Mmatumbi kung'oa amekurithi kwa babu, kupanda majani ndiko alikokujia mjini.

Niliondoka nyumbani mwaka 1986, wakati wa kiangazi, maana masika wakati ule huendi popote. Daraja la Mkapa lilikuwa halijawazwa (lilifunguliwa 2003), Rufiji unauvuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikikolea barabara ya kusini inafungwa, gari linalala njiani na abiria wanakula walichobeba. Mjomba alikuwa mlinzi kwenye nyumba moja Oysterbay. Akanipeleka kwa mwenye nyumba, nikapewa fyekeo, reki, mpira wa maji na toroli lenye gurudumu bovu, nikawa shamba boi. Sikuwa na kinyongo na jina hilo. Kinyongo nilikuwa nacho na toroli.

Oysterbay Waingereza waliipima kwa ajili ya maofisa wao, ndiyo maana viwanja vyake ni vikubwa, nyumba imekaa katikati na majani yameizunguka pande zote. Baada ya uhuru wakaingia wakubwa wa serikali na watu wa balozi, majani yakabaki yale yale. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyeyatumia. Yalimwagiliwa, yakakatwa, yakalishwa mbolea, kisha watu wakakaa kibarazani kuyatazama. Watoto wakicheza mpira juu yake, waligombezwa.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja wa Tabora, mtunza bustani wa nyumba ya pili. Hakuwa mtu wa maneno, ila kuhusu ndago alikuwa na hotuba. Ndago ukiivuta kwa mkono inakuachia jani na kubaki na mali yake. Chini kuna kifundo cheusi cha ukubwa wa njugu, na kutoka hapo unakwenda uzi mwembamba mpaka kwenye kifundo kingine, na kingine tena. Ukiukata uzi ule, vifundo vilivyokuwa vimelala vinaamka, na pale ulipong'oa jani moja unakuta majani matano. Alinichimbisha kwa uma kina cha shubiri na zaidi, udongo tukaupitisha kwenye chekeche la mchanga wa kujengea, vifundo tukavianika juu ya saruji mpaka vikakauka kabisa. Siku moja aliniona navipeleka kwenye shimo la mboji. Akaniita, akanikalisha chini. "Kijana, unawapeleka wezi kwenye ghala?"

Baada ya ndago ndipo ulikuja ukoka. Tulisubiri katikati ya Machi, mawingu ya masika yakianza kujipanga baharini. Tulisawazisha kwa ubao mrefu, tukiacha kimteremko kidogo kutoka ukutani, macho yasikione lakini maji yakione. Ukoka tuliukata vipande vya pingili tatu, tukavipanda kwa mistari iliyoachana upana wa kiganja, ncha moja nje, kisha tukakanyaga peku ili pingili zishikane na udongo. Tulimwagilia asubuhi mpaka mvua ilipotupokea kazi. Aliyepanda Machi aliuona uwanja umefunga kabla ya kipupwe. Aliyepanda Julai alilipa bili ya maji na kuambulia mabaka.

Kwenye misimu hiyo ndipo mwaka wangu wote wa kazi ulipokaa. Masika ni kukata: majani yanakimbia, ukichelewa wiki mbili umeshapoteza. Kanuni ya mzee ilikuwa usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, kwa sababu ukikata mpaka kwenye vijiti vyeupe jua linaunguza shina na ndago inapata mwanga iliokuwa ikiungoja. Kipupwe kinaingia na upepo wa kusi, majani yanapunguza mwendo, nasi tunapunguza. Kiangazi unainua kisu cha mashine, unaacha jani refu lijifunike lenyewe. Maji unayapa mara chache lakini mpaka yazame. Maji ya kunyunyiza kila jioni huzoesha mizizi kukaa juu, na siku bomba likikatika unazika bustani. Vuli ikinyesha vizuri, ndipo mbolea, kiganja kimoja hapa, kimoja pale, udongo ukiwa na unyevu. Nimewaona matajiri wakimwaga urea kwenye majani makavu saa sita mchana na kuniuliza kwa nini pameungua.

Kitu kingine cha pwani ile ni chumvi. Visima vingi vya Masaki na Oysterbay maji yake yana chumvi, na kusi nayo inabeba ya baharini. Ukoka unavumilia kiasi. Palipozidi tulipanda pasipalamu, ambayo chumvi haiisumbui sana. Chini ya miembe hakuna ukoka utakaokubali, hata uuombee dua, kwani unataka jua. Pale tulitumia majani mapana ya kivulini au tukaacha kivuli kiwe kivuli, tukaweka kokoto na viti. Wenye nyumba wengi hawakupenda jibu hilo. Walitaka zulia la kijani kutoka ukuta hadi ukuta, na kila mwaka walinilipa kupanda upya palepale. Sikubishana nao sana. Ada za shule zilitoka chini ya miembe ile.

Kisha zikaja mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998, vuli ikaungana na masika bila kupumua. Nyumba mbili nilizokuwa nahudumia zilipakana ukuta kwa ukuta, ukoka mmoja, mbolea moja, mikono ile ile. Moja ilikuwa na ule mteremko wa mzee, ya pili mwenye nyumba alikuwa ameilazimisha iwe bapa ili apige hema la sherehe. Ile ya bapa ilikaa majini mpaka majani yakawa ya njano, yakaoza, ukikanyaga harufu inapanda. Ya jirani iliota mpaka tukachoka kufyeka. Toka mwaka ule nikiingia kwenye kiwanja kipya siangalii majani. Naangalia bati, natafuta maji yanadondokea wapi, kisha nayafuata kwa miguu mpaka yanakoishia.

Nilirudi nyumbani 2012, mama akiwa ameanza kuumwa, lami ya Ndundu hadi Somanga ikiwa bado inamaliziwa. Ukifika Njia Nne unaiacha barabara kuu na kupanda milimani. Nilipofika nikajikwaa mlangoni. Nilikumbuka ngazi moja ya kuingia ndani. Sasa mama alikuwa ameweka jiwe chini yake, ngazi zikawa mbili. Nyumba haikupanda. Uwanja ndio ulioshuka. Miaka yote ile ya fagio, kila alfajiri unga mwembamba wa udongo ulikwenda nje, na kila masika mvua ikauteremsha bondeni. Nyuma ya nyumba mawe ya msingi yalikuwa wazi kiasi cha kuku kujificha.

Sikumwambia mama aache kufagia. Mtu hawezi kutoka Oysterbay akaja kumfundisha mama yake usafi. Nilichofanya ni kumwachia uwanja wake wa mbele na uani, pale anapoanika mahindi, anapotwangia na kupokelea wageni, pabaki peupe kama alivyotaka. Chini ya matone ya bati nikachimba mtaro wa shubiri mbili, nikaujaza kokoto, ukapeleka maji pembeni. Ukingoni, mahali uwanja unapoanza kuteremka, nikaweka mstari wa mchaichai uliobanana, chini yake mkanda wa ukoka unaokata mteremko, chini ya ukoka michungwa. Mama aliutazama ukoka ule kwa muda.

"Huo usije ukapanda huku juu," akasema.

"Hautapanda, mama. Fagio lako litauzuia."

Na kweli, mpaka wa ukoka ukawa pale fagio linapoishia. Asubuhi alipofagia, taka na udongo vilikwama kwenye mchaichai, na misimu ikipita ukingo ule ukawa unajijenga wenyewe badala ya kuliwa. Mchaichai alikuwa anauchuma kwa chai, na majirani wakaanza kuomba visiki.

Hivyo ndivyo nilivyopata wateja Kipatimu, kazi ambayo sikudhani ipo. Walimu, wauguzi, wenye maduka, na zaidi vijana wetu walioko Dar wanaojenga kwao nyumba za bati la rangi na vigae. Hawa wa mwisho hunitumia picha kwa simu: nyumba imezungukwa na majani kutoka ukuta hadi ukuta. Huwa nawauliza swali moja, mama yako anaanika wapi mahindi? Wengi hawana jibu, wengine wanacheka.

Ardhi ya Kipatimu ni ya michungwa, na mteja akikubali michungwa, huwa nimeshampata. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu unautenga na kuuchanganya na samadi, unaurudisha wiki chache kabla ya mvua ili utulie. Mche uwe wa kubebesha, si wa mbegu. Shina tunaotesha la limau kali, likifika unene wa penseli tunalichana gome kwa umbo la herufi T, tunachomeka jicho la mchungwa unaojulikana tabia, tunafunga kwa ukanda wa nailoni. Baada ya kama wiki tatu unafungua. Jicho likiwa bado la kijani, limeshika. Kisu kiwe kikali na mikono isiwe na maji. Vijana wangu wawili wanalifanya hilo sasa kunizidi, maana macho yangu yameanza kunikatalia.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, mvua ya Kilwa haikuwa na mfano, barabara kuu ikakatika Somanga na wasafiri wa Lindi na Mtwara wakakwama siku kadhaa. Huku milimani maji yaliteremka yakiwa mekundu. Baada ya jua kutoka nilizunguka kuangalia kazi zangu. Mikanda mingi ya ukoka ilisimama. Mmoja uliokuwa chini ya njia ya ng'ambo ulichukuliwa wote pamoja na mchungwa mmoja, kwa sababu maji ya nyumba tatu yalikuwa yamepata njia moja. Ukoka hauzuii mto. Palipofagiliwa mpaka ukingoni bila kitu, nilikuta misingi imebaki hewani na watu wanabeba mawe. Wiki ile sikuwa na haja ya kueleza mtu faida ya majani.

Mmoja wa wale vijana wa Dar alinipa kazi mwaka huo huo, nyumba nzuri ya vyumba vinne karibu na njia ya kwenda hospitali. Aliagiza majani kila upande. Nilipofika kupima, bibi mwenye nyumba alikuwa ameketi mkekani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Wewe ndiye wa majani?"

"Ndiye mimi."

"Ukiyapanda hapa mlangoni nitayang'oa. Nakwambia mapema usije ukasema umeonewa."

Tukakubaliana haraka kuliko nilivyowahi kukubaliana na mteja yeyote. Yeye akabaki na uwanja wake mbele na uani. Mimi nikapata mteremko wa nyuma, mtaro wa kokoto, mchaichai, ukoka na michungwa minane. Krismasi kijana akaja na gari, akashuka, akazunguka nyumba mara moja.

"Majani yako wapi, fundi?"

Bibi akadakia kutoka mkekani: "Yako huko nyuma, mbuzi wanakula."

Alishuka kuyaona, akakaa huko kitambo, akarudi na kuniuliza michungwa itazaa lini. Nikamwambia mwaka wa tatu au wa nne, akitunza. Akasema salio langu atalituma kwa simu akifika mjini. Michungwa imeshapita kiuno cha mtu. Salio bado liko njiani.